Darasa la madda la Ngamiani: miezi mitatu ya kujifunza kuvuta, na kuacha kuvuta

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 52. Nilihitimu Qur'ani nikiwa na miaka 13, chuo cha mtaani, na nyumbani ukapikwa wali wa hitima. Natanguliza hayo ili anayesoma maoni haya ajue yanatoka kwa nani. Si mwanazuoni, na si mwanafunzi wa alifu bee. Ni mtu aliyeamini kwa karibu miaka 40 kwamba kusoma anajua.

Darasa ninalolizungumzia ni la tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur'ani kwa usahihi, kwa wanawake watu wazima, na muhula huu lilishika jambo moja tu: madda, yaani hukumu za kuvuta sauti ya irabu. Linafanyika Ngamiani, chumba cha juu pembeni ya msikiti, Jumamosi na Jumapili baada ya swala ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, kwa miezi mitatu. Ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na 3,000 za karatasi unazilipa mara moja. Tulianza 14, tumemaliza 11. Nimelipa mwenyewe kama wenzangu na hakuna aliyeniomba kuandika.

Ustadha ana miaka 29. Kila nikipanda ngazi ananiwahi mlangoni, "Shikamoo mama," naitikia marahaba. Kisha tunaingia, anakaa, nami nakaa mbele yake nimekunja magoti kama nilivyokaa mbele ya maalim wangu miaka ya 1980. Sikuona tabu hata siku moja. Anajua kumsahihisha mtu mzima bila kumvunjia heshima. Hasemi "umekosea". Anasema, "Mama, rudia kutoka hapo," na unarudia mpaka sikio lako mwenyewe lilikamate kosa.

Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Kila mmoja alisoma Fatiha na Qul-huwallahu, yeye akiandika kwenye daftari lake, kimya. Tulipomaliza akasimama, akaandika ubaoni maneno manne ya Kiswahili: kata, kataa, kufa, kufaa. Akanigeukia mimi, maana alishajua kazi yangu. "Mama, mteja akikuletea kitambaa, kukikata na kukikataa ni mamoja?" Nikamwambia si mamoja hata kidogo. "Na dawa ya kufaa, mtu akiisema dawa ya kufa?" Chumba kizima kikaelewa kabla hajafika kwenye Kiarabu.

Hapo ndipo akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia chuoni wala kwenye mawaidha, na kwangu mimi lina thamani kuliko ada yote niliyolipa. Kiswahili kina mkazo wake, na mkazo huo unapenda kukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Baraza, tunakaza "ra". Cherehani, tunakaza "ha". Na tunapokaza tunavuta kidogo, hatujijui. Tukishika msahafu tunaingia na mkazo uleule ndani ya Kiarabu, tukizipa irabu fupi urefu zisiokuwa nao.

Akafungua daftari na kutusomea tulivyosoma, bila kutaja nani. Allaahus-swamad, ambayo "swa" yake ina fataha tupu, yaani "a" fupi, sisi tulisoma "swaamad". Lam yalid, "ya" fupi, sisi "yaalid". Kufuwan, "fu" fupi, sisi "kufuuwan". Ahad, sisi "aahad". Kwenye Fatiha, na'budu, sisi "na'buudu". Mmoja aliyeongeza Iqra alisoma "khaalaq" na "'aalaq". Ni sura fupi anazozijua kila mtu, na ndani yake tuna alifu na wau za kuongeza ambazo Jibrili hakuziteremsha.

Kosa la pili ni mgongo wa hilo la kwanza. Mahali penye urefu wa kweli tunapakata. Lam yalid wa lam yuulad: neno la kwanza halina herufi ya kuvuta, la pili lina wau. Sisi tulikuwa tunayalinganisha kama pande mbili za mkono wa gauni, yalid na yulad, au yaalid na yuulad. Wasomaji wangu, jaribuni sasa hivi kimoyomoyo. Nadhani wengi mtajikuta hapo.

Kosa la namna hii linaitwa lahni jalii, kosa la wazi, kwa sababu umeongeza herufi au umepunguza herufi katika maneno ya Mwenyezi Mungu. Na maana inaweza kugeuka. Anzalnaa ni "tumeteremsha". Ukiikata ikawa anzalna, umesema "wameteremsha", na wanaosemwa ni wanawake. Hata nje ya msahafu, kwenye takbira, mtu akivuta mwanzo akasema "Aallaahu akbar" anakuwa kama anauliza swali, na akivuta mwisho, "akbaar", wanazuoni wa fiqhi wametaja kuwa hilo ni neno jingine, ni ngoma. Ustadha alipolisema hili alinyamaza kidogo, na mimi nikawakumbuka waadhini niliowasikia tangu nizaliwe.

Baada ya hapo ndipo likaja somo lenyewe. Herufi za madda ni tatu: alifu iliyotanguliwa na fataha, wau yenye sukuni (isiyo na irabu yake) iliyotanguliwa na dhumma ("u"), na yaa yenye sukuni iliyotanguliwa na kasra ("i"). Zote tatu zimekutana katika neno moja la Surat Hud, nuuhiihaa, na neno hilo tulilisoma siku nzima, kwa zamu, mbele, nyuma, polepole, mpaka kila irabu ikatoka sawa na mwenzake. Hii ndiyo madda asli, haraka mbili. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini inaitwa haraka wakati tunaambiwa tusikimbie. Ustadha akamweleza vizuri kwamba haraka ya wenye tajwidi ni irabu moja, muda wa kukunja kidole kimoja au kukikunjua bila kuharakisha wala kuchelewa. Kwa hiyo haraka mbili ni vidole viwili. Swali hilo lilisaidia wengi, na ningependa liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa zile karatasi.

Sasa, zaidi ya mbili huvuti ila kwa sababu, na sababu ni mbili tu: hamza, ile herufi ya kukata sauti kooni, au sukuni. Ustadha alilifanya hili kuwa swali la darasa zima kwa miezi mitatu. Ukivuta mahali, anakusimamisha: "Nani amekuvutisha hapo?" Ujibu hamza, au ujibu sukuni. Ukikosa jibu, basi hukuwa na ruhusa ya kuvuta. Nimesoma karatasi nyingi za tajwidi zenye majina ya madda mengi kuliko nyuzi kwenye kabati langu, lakini swali hili moja ndilo lililonitoa gizani. Siku hizi hata nikimsikiliza msomaji redioni najiuliza nani amemvutisha.

Hamza ikiwa ndani ya neno lilelile, kama jaa'a au as-samaa', hiyo ni muttasil, na ni wajibu: haraka nne au tano kwa riwaya ya Hafs, yaani upokezi wa usomaji tunaoufuata sisi. Hapa alitusimulia habari ya Abdallah bin Masuud. Mtu mmoja alikuwa akimsomea aya ya sadaka katika Surat Tawba, aya ya 60, akasoma "lil-fuqara'i wal-masaakiin" bila kuivuta fuqaraa'. Ibn Masuud akamwambia kwamba Mtume (s.a.w.) hakumsomesha hivyo, akairudia kwa kuivuta. Fikiria mahali penyewe. Mtu hakubadilisha neno, hakuruka aya, amefupisha irabu moja tu kabla ya hamza, na sahaba akamrudisha. Mimi nilikuwa nikifikiri madda ni mapambo ya sauti, kitu cha wasomaji wa mashindano. Siku ile nilirudi nyumbani nikaifungua Tawba nikaisoma aya hiyo mara saba kabla ya kuwasha jiko.

Na ipo hadithi aliyoipokea Bukhari, Anas bin Malik aliulizwa usomaji wa Mtume ulikuwaje, akajibu kwamba ulikuwa wa kuvuta, kisha akasoma Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiim, akivuta Bismillaah, akivuta ar-Rahmaan, akivuta ar-Rahiim. Ustadha alituonyesha kwamba sehemu hizo tatu ndizo hasa zenye herufi za madda. Kilichovutwa ni kilichokuwa na haki ya kuvutwa.

Hamza ikiwa mwanzo wa neno la pili, ni munfasil: innaa a'twaynaaka, innaa anzalnaahu. Hapa kuna nafasi. Kwa njia ya Shatibiyya, ambayo ndiyo tuliyoisoma, ni nne au tano pia. Ipo njia nyingine ya Hafs inayofupisha mpaka mbili. Ustadha hana ugomvi na wanaofupisha. Anachokikataza kwa nguvu ni kuchanganya, hapa nne, pale mbili, aya inayofuata tano, kwa kufuata pumzi. Ukichagua nne, nne mpaka unyanyuke. Kwa fundi hili halihitaji maelezo. Huwezi kushona gauni mkono mmoja inchi 20 na wa pili 18 ukamwambia mteja yote ni mikono.

Kipimo hicho cha usawa ndicho kilichonipa kazi kubwa zaidi kwenye Fatiha. Aya zote saba zinaishia kwa yaa ya kuvuta na herufi moja baada yake: ar-Rahiim, al-'aalamiin, ar-Rahiim, ad-diin, nasta'iin, al-mustaqiim, adh-dhwaalliin. Ukisimama, yaani ukikata usomaji hapo, ile herufi ya mwisho inapata sukuni ya muda, na hapo ndipo inapozaliwa madda aridh. Una hiari ya mbili, nne au sita, lakini ukishika moja uishike saba zote. Nilijirekodi kwa simu. Aya ya kwanza nne, ya pili nne, ya nne kama mbili hivi kwa sababu nilikuwa nimeingiwa na haraka, ya mwisho ndefu kupita kiasi kama ninayeaga. Fatiha hii naisoma mara 17 kila siku kwenye swala za faradhi peke yake. Nililia, sioni aibu kusema.

Halafu neno la mwisho, adh-dhwaalliin, lina madda mbili ndani yake. "Dhwaa" inakutana na lamu yenye shada (lamu mbili zilizoshikana, ya kwanza na sukuni), hiyo ni lazim, haraka sita, haina hiari. Kisha "liin" ni aridh, una hiari. Wengi tulikuwa tunamaliza pumzi kwenye "liin" na kuipa "dhwaa" mbili tu, kinyume kabisa.

Yasin nayo. Sisi watu wa pwani Yasin tunaisoma usiku wa kuamkia Ijumaa, tunawasomea wazee wetu, tunaijua usingizini. Mimi tangu utoto nilikuwa navuta "Yaaaa" mpaka basi, kisha "sin" naidondosha. Kumbe yaa haraka mbili, siin haraka sita. Herufi hizi za mwanzo wa sura, zinazosomwa kwa majina yake, ni 14, zimefungua sura 29. Alifu haivutwi. Tano zinavutwa mbili: haa, yaa, twaa, ile haa nyingine, na raa. Nane zilizobaki zinavutwa sita, isipokuwa 'ayn ambayo ina nne au sita. Ukizishika hivyo huzisahau. Mwenzetu mmoja, mwuguzi, alizishonea kwenye kitambaa cha kufunikia msahafu wake, nane upande mmoja, tano upande mwingine.

Zile ndogondogo zilipita upesi na hazikuhitaji zaidi. Badal (aamanuu, iimaan) ni mbili. Tanwini ya fataha, ile "-an" ya mwisho wa neno, ukisimama inageuka alifu ya haraka mbili. Madda ya lini, ya wau au yaa yenye sukuni baada ya fataha, tulisomeshwa kwa Surat Quraysh, chaguo zuri sana kwa sababu aya zake zote nne zinaishia nayo: quraysh, was-swayf, al-bayt, khawf. Haa ya dhamiri, ile "-hu" au "-hi" ya kumtaja mtu au kitu mwishoni mwa neno, inavutwa ikikaa kati ya irabu mbili, kwa hiyo kwenye anzalnaahu fii haivutwi, kabla yake pana alifu. Mimi nilikuwa naivuta miaka yote. Zipo sehemu mbili za Hafs zilizotoka nje ya kanuni hiyo, yardhwahu lakum katika Zumar aya ya 7 ambayo haivutwi, na fiihii muhaanaa katika Furqan aya ya 69 ambayo inavutwa, nazo ni za kuhifadhi tu.

Vifaa sasa, maana wengi mtauliza. Nilinunua msahafu wa rangi, shilingi 40,000, kwa kudhani utanirahisishia. Rangi za madda zimepangwa kwa familia ya nyekundu, nzito kwa sita, inayofuata kwa nne au tano, ya machungwa kwa yenye hiari. Unapendeza, na wiki mbili za kwanza ulinisaidia kweli kutambua. Lakini una mtego. Rangi imechapwa kwa kudhania kwamba utasimama mwisho wa aya. Ukiunganisha, ile aridh haipo tena, na rangi bado inakuita uvute. Na ukiishiwa pumzi katikati ya aya ukasimama, aridh imezaliwa pale ulipo na hakuna rangi yoyote ya kukuambia. Zaidi ya hapo, nilipotoa macho kwenye rangi, ndani ya swala, nilijikuta sina kitu. Wiki ya tano Ustadha aliniomba niurudishe kabatini nishike msahafu wa kawaida wa chapa ya Madina, nisome ile alama ya madda juu ya herufi, ile wau ndogo na yaa ndogo baada ya haa, niulize nani amenivutisha. Alikuwa sahihi. Msahafu wa rangi ninausifu kwa anayeanza, akiwa na mwalimu, kwa mwezi mmoja.

Programu ya simu inayokusikiliza na kukusahihisha nayo nilijaribu. Ukiruka neno inakukamata papo hapo, na kwa anayehifadhi ni msaada. Lakini niliisomea "swaamad" kwa makusudi mara tatu, ikanipa alama ya kijani mara tatu. Kwa madda, hapana.

Kilichosaidia kuliko vyote viwili ni kusikiliza. Ustadha ana spika ndogo, na kila somo linaanza kwa dakika kumi za Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary wa Misri, yule aliyerekodi Qur'ani nzima kwa tartili, usomaji wa taratibu, mwaka 1961, wa kwanza kufanya hivyo. Husary hana haraka na hana mbwembwe. Unaweza kukunja vidole vyako na vyake vikaenda pamoja. Kwa mazoezi ya nyumbani alitupa rekodi za kufundishia za Sheikh Muhammad Siddiq Al-Minshawi, zile anazosoma aya na watoto wakairudia. Nilikuwa naziweka cherehani ikiwa imezimwa, wakati wa kupindia kwa mkono, nami nairudia pamoja na wale watoto. Wiki za mwisho tulianza pia beti za mlango wa madda za Tuhfat al-Atfal, shairi la beti 61 la Sulayman Al-Jamzuri la mwaka 1198 Hijria. Sisi ni watu wa tenzi, likishaingia kwenye mahadhi halitoki.

Kasoro zipo, na nizitaje kwa haki. Muda wa mtu mmoja mmoja hautoshi. Ukiondoa kusikiliza na somo la ubaoni, kila mwanafunzi anabakiwa na dakika tano za kusoma mbele ya Ustadha, na madda haijifunzwi kwa kutazama, ni mdomo kwa mdomo. Wakigawa darasa makundi mawili, hata kama ada itapanda kufika 15,000, mimi nitalipa. Madda lazim, yenye aina nne, ilibanwa ndani ya siku moja kwa sababu wiki moja kabla chumba kilikuwa na shughuli nyingine, na mpaka leo wenzangu kadhaa wanababaika kwenye aal-aana ya Surat Yunus. Karatasi za 3,000 ni fotokopi ya fotokopi. Kinachofifia kwanza kwenye fotokopi ni vialama vyembamba, na alama ya madda ni chembamba. Nusu ya mifano tuliichora upya kwa kalamu. Na wazo la kujirekodi lilikuja wiki ya nane. Lingekuja wiki ya kwanza tungeokoa mwezi mzima, kwa sababu sikio lako halikusikii wakati unasoma, linakusikia baadaye.

Feni ni mbili, moja haizunguki. Kaeni upande wa dirisha la uani.

Nani aende? Aliyehitimu zamani na anasoma kwa mazoea, huyo ndiye hasa. Asiyejua kuunganisha herufi bado, hapana, ataachwa, aanze kwanza darasa la asubuhi la hijai, la kujifunza herufi, ambalo wanalo. Mwenye watoto wadogo anaweza kwenda nao, wanacheza barazani na kuna binti anawaangalia, lakini muhula unapoangukia masika ngazi zinateleza. Na kama wewe umewahi kusomesha watoto wako mwenyewe nyumbani, nenda haraka zaidi, kwa sababu nitakayoyasema sasa.

Wanangu watatu Juzuu Amma niliwasomesha mimi, barazani, nikikata vitambaa. Nilijivunia hilo. Mkubwa anafanya kazi Dar es Salaam, gereji, na wenzake wamempa uimamu wa Adhuhuri na Magharibi pale kazini. Idi el-Haji alikuja nyumbani. Nilikuwa wiki ya tisa ya darasa. Magharibi akatuswalisha ukumbini, mimi na dada zake nyuma yake, na rakaa ya pili akasoma Qul-huwallahu. Swaamad. Yaalid. Kufuuwan. Kila irabu niliyomvutisha miaka 20 iliyopita ilikuwa mahali pake, kwa sauti nzuri, na nyuma yake sasa kuna safu ya watu wa gereji wanaoitikia amini.

Sikumwambia siku ile. Nilimwambia kesho yake, baada ya chai, nikianza na kata na kataa kama nilivyoanzishiwa mimi. Alisikiliza. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo hukunifundisha vibaya peke yangu?" Nikamwambia hapana, wote watatu, na nitawarudia wote watatu.

Tangu hapo kila Alhamisi usiku ananitumia sauti kwa simu. Yeye anasoma, mimi nasikiliza mara mbili nikikunja vidole. Ya wiki hii ni sekunde 19. Swamad imekaa. Yalid imekaa fupi, yuulad imepata mbili zake kamili. Kufuwan bado anaivuta. Nimemrudishia ujumbe: "Mwanangu, rudia kutoka hapo."